Programu Isiyohesabu Watu

11 Januari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika imekunjamana kana kwamba imekaliwa na mtu mzito, lakini haijafunguliwa. Nimekagua gundi. Enzi zile watu wa serikali walikuwa wakifungua bahasha zetu kwa mvuke wa birika, wakasoma, wakabandika tena wakidhani hatuoni. Angalau walijisumbua kuchemsha maji. Siku hizi watu wanaandikiana ndani ya nyumba ya kampuni, mwenye nyumba kakaa katikati anasikiliza, nao wanamshukuru kwa kuwa hawalipi pango. Ndiyo maana naendelea kununua stempu. Ukitaka kucheka, cheka. Ulinibatiza Bwana Sahihi tangu nikivaa kaptula.

Sasa kazi. Ile hitilafu ya Kabati, programu yangu ya kuazimia vitabu, nimeiona: msomaji akirudisha kitabu siku ileile ya mwisho, programu inamtia katika waliochelewa. Nimeona aibu. Nimeirekebisha na kuiweka mtandaoni. Maktaba zako zikipakua toleo hilo, wasiokosa wataachiwa.

Binti yako aliniuliza kwenye simu Kabati lina watumiaji wangapi, kwa ile sauti ya watu wa kampuni. Mwambie sijui, na sijui kwa makusudi. Programu huria ni kisima umekichimba kando ya njia. Anayepita anywe, na mwenye ndoo bora kuliko yako aongeze kina. Ukimweka mlinzi wa kuandika wanywaji, hicho si kisima tena, ni kizuizi cha barabarani. Kabati halimnong'onezi mtu nani kaazima nini. Ninachokijua kuhusu maktaba zenu nakijua kwa sababu wewe umeniandikia.

Yule msomaji wako anayesumbuliwa na macho, anayetaka herufi kubwa: hiyo si hitilafu, ni chumba kipya. Nitakijenga, lakini kwa sababu hiyo siwezi kukuahidi kuja Aprili. Najua marufuku ya mimi kurudi nyumbani imeondolewa. Pasipoti ninayo, iko droo ya juu pamoja na miwani ya marehemu wifi yako. Ila siwezi kuziacha maktaba za wilaya nzima katikati ya njia. Nikimaliza, nakuja.

Kaka yako

*

9 Februari

Shikamoo Kaka,

Wasomaji wameachiwa. Yule fundi cherehani aliyenuna tangu aitwe mchelewaji amerudi, na ameazima kitabu cha kilimo cha bustani ingawa anaishi ghorofa ya nne. Nimemuuliza atapanda wapi. Kasema, "Mama, kusoma nako unataka nipimiwe kiwanja?"

Kisima chako kizuri. Lakini umewahi kufikiri kwamba kijiji kinaweza kuhama na mchimbaji asiambiwe? Akabaki pale anabadilisha kamba, anafagia majani, kila asubuhi anasema leo watachelewa kidogo. Ni swali tu. Mkutubi aliyekaa na vitabu muda mrefu huwa na maswali ya kipuuzi.

Njoo Aprili. Kabati halitalia. Msomaji mwenyewe amesema anaweza kusubiri herufi.

Na kama huji, basi kubali ile programu ya kuonana kwenye simu. Binti yangu ataniwekea, mimi nitakaa tu mbele yake. Picha unazotuma zote ni za mtu aliyeketi, mabega juu, kama anangoja hukumu. Nataka kukuona ukitembea. Nataka kukuona ukitafuta miwani uliyoivaa. Simu ya sauti nayo tumeizoea mno. Tunaulizana hali, tunajibu nzuri, tunakata.

Huku nyumbani ni salama. Paa la jikoni limetengenezwa.

Mdogo wako

*

20 Machi

Mkutubi wangu,

Kwa programu ile jibu ni hapana, na usinitumie binti yako kunibembeleza. Nimesoma masharti yake yote. Nadhani duniani tumeyasoma wawili, mimi na mwanasheria aliyeyaandika. Wanajipa ruhusa ya kuhifadhi sura ya mtu na kumpa wanayemtaka. Uso wangu uliwahi kubandikwa kwenye kuta za stesheni na watu waliokuwa wakinijua kwa jina. Siwezi kuwapa bure watu wasionijua. Nikianza kusema "mara hii tu, kwa sababu ni dada yangu," nitakuwa nimesema wanachosema wote. Kila mtu ana dada. Kampuni zile zimejengwa juu ya dada za watu.

Uso utauona nikija. Haujaharibika kiasi cha kuhitaji haraka.

Kijiji kuhama nimelifikiri. Kijiji hakihami kisima kikiwa na maji. Wanaohama ni wale walioletewa chupa zenye picha ya kisima. Bintiyo anafanya kazi kwa wauza chupa, namwombea, lakini sitanywa.

Turudi kwa msomaji. Herufi kubwa peke yake ni kazi ya mvivu. Nataka kujua anachokiona hasa. Mkalishe mbele ya skrini, mchana, dirisha likiwa nyuma yake, umuulize: mistari inapinda? Rangi zipi zinamkimbia? Anatazama moja kwa moja au pembeni? Usimwonee haya, niandikie kama anavyosema, usipambe. Nikiikosea hii, nitawakosea wote wenye macho kama yake katika wilaya nzima.

Aprili basi haiwezekani. Nasema Juni.

Kaka yako

*

2 Mei

Kaka,

Nimemuuliza. Nakuandikia alivyosema.

Katikati hakuna kitu. Anasema si giza, giza lingekuwa kitu. Akikutazama usoni, uso ndio unaoondoka, yanabaki masikio na mabega. Akitaka kukuona inabidi ageuke pembeni kama mtu anayekuchunguza, na watu wanadhani ana dharau. Mistari iliyonyooka inapinda, hata fremu ya mlango. Nyeupe juu ya nyeusi anaiona kuliko nyeusi juu ya nyeupe. Bluu na kijani ameacha kuzitenganisha. Chai anaimimina kwa kusikiliza. Jicho la kulia daktari amesema limekwisha, la kushoto linamfuata mwenzake, na kila asubuhi anafumba moja, anatazama kalenda ya ukutani, anapima kimebaki nini.

Sijapamba.

Anakushukuru kwa herufi. Lakini kasema neno, na mimi nalileta lilivyo: kitabu, mtu mwingine anaweza kukusomea. Sura ya mtu hakuna anayeweza kukusomea.

Umesema Juni. Njoo hiyo Juni. Nimeomba Aprili, naomba Juni, na unajua sisi wa nyumba ile hatuombi mara ya tatu.

Mdogo wako

*

30 Juni

Mdogo wangu,

Kwanza nikutanie: mwandiko wako umenenepa. Mistari michache na ukurasa umejaa. Wewe uliyekuwa ukiandika hadi pembeni mwa bahasha, leo umeacha ubahili wa karatasi? Uzee umekuletea ukarimu.

Pili, simama unipigie makofi. Toleo jipya limekamilika. Maelezo ya msomaji wako yalikuwa dhahabu. Sijapata kupewa maelezo ya aina hiyo na daktari wala profesa. Sasa maandishi yanaweza kuwa meupe juu ya weusi, yanakua hadi neno moja lijaze skrini, na kwa kuwa katikati ya macho yake hapafai, nimeyasukuma maneno ukingoni, yanapita pale anapoona. Halafu nimeongeza asichoomba: Kabati linasoma kwa sauti. Majira yote ya kuchipua yamenipita dirishani. Jirani yangu, dereva mstaafu, alidhani nimekufa, akaja kugonga.

Nimeishi na huyo mtu kichwani kila siku. Simjui, na sitaki kujua jina lake. Huo ndio uzuri wa kazi hii ambao kampuni haziuelewi: unamtengenezea mtu usiyemjua kwa uangalifu uleule ambao ungemtengenezea ndugu yako.

Usinikasirikie kuhusu Juni. Toleo jipya ni kama mtoto mchanga, miezi ya mwanzo huliachi. Maktaba zikishalizoea na malalamiko yakipungua, nakuja. Novemba, bila shaka yoyote. Nimeanza hata kutazama masanduku madukani.

Mwambie yule msomaji asome.

Kaka yako

*

18 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Mama hajui kwamba nakuandikia. Barua yako ya Juni nimemsomea mimi. Nilipofika pale pa mwandiko kunenepa aliniambia niishie hapo, kisha akaniambia niendelee.

Msomaji ni yeye. Nadhani umeshaelewa, au labda hujaelewa, sijui, maana barua zake zilikuwa wazi kama mchana na wewe ukajibu kwa kumjengea programu.

Nitakwambia yote kwa mara moja kwa sababu sina kipaji chenu cha kuzungukazunguka. Hakuna maktaba inayotumia Kabati. Wilaya ilihama miaka mingi iliyopita, wakati mkeo alipokuwa bado hai. Maktaba ya Mama ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kompyuta zilipotupwa alichukua moja, akaiweka chumba cha nyuma chenye cherehani bovu, akaingiza humo vitabu vyake mwenyewe. Ndiyo wilaya yako hiyo, Mjomba. Anaazimisha vitabu kwa majirani waliokwisha kufa. Fundi cherehani tulimzika. Anawapa tarehe, anawarudishia, anawachelewesha, ili apate jambo la kukuandikia. Hitilafu zilikuwa za kweli. Wasomaji ndio hawakuwa wa kweli.

Mara nyingi nimemwambia akwambie. Alisema, "Ana nini kingine kule?"

Kuna jambo jingine, na hili ni langu. Programu iliyowekwa maktaba zote za wilaya, ile tunayoiuza sisi, ndani yake ni Kabati. Kampuni ililipaka rangi, ikalipa jina jingine. Leseni yako inamtaka anayechukua alitaje jina lako na kurudisha alichorekebisha; hatukufanya lolote kati ya hayo. Nilipoajiriwa, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufuta maelezo uliyoyaacha ndani ya msimbo wa programu. Uliandika, "Mkutubi kasema msomaji asitozwe faini akiwa mgonjwa." Nikafuta. "Mkutubi kasema jina la mtoto litangulie." Nikafuta. Nilikuwa namfuta mama yangu, mshahara ukiingia. Na kila ulipotengeneza hitilafu aliyoiona Mama chumba cha nyuma, sisi tulichukua. Hata zile herufi na sauti, tumeziweka mwezi uliopita, zinauzwa kwa malipo ya ziada. Tofauti ni moja tu. Yetu inahesabu. Inajua nani kafungua kitabu gani na amekaa ukurasa upi.

Kwa hiyo ukitaka, unaweza kusema hukudanganywa. Wasomaji wa wilaya nzima wanatumia kazi yako. Sijui kama hilo litakusaidia kulala.

Jicho la kushoto lilimwishia wiki ya kwanza ya Julai. Anaona dirisha liko wapi. Anajua mtu amesimama mlangoni. Uso hauoni tena, wangu wala wa yeyote, na daktari amesema hakuna la kufanya.

Aprili alikuwa bado anasoma kalenda.

Mpwa wako

*

5 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba.

Nilikuwa nimekuandikia barua nyingine kuhusu kampuni yako. Ilikuwa ndefu, yenye vifungu vya leseni, na ilikuwa sahihi mwanzo hadi mwisho. Nimeichana. Chukueni. Vueni jina, vaeni lenu, hesabuni watu mpaka mchoke. Sina hasira iliyobaki ya kuwagawia.

Nimezisoma upya barua zote za mama yako nikijua. Jaribu na wewe siku moja kusoma upya jambo ambalo kila mtu angelielewa isipokuwa wewe. Nilimwambia amkalishe msomaji mbele ya skrini, dirisha likiwa nyuma yake. Akajikalisha. Nilimwambia asipambe.

Miaka yote hii nimewatukana wanaohesabu. Wanajua mtu kakwama wapi, kaacha lini kusoma, kidole chake kimetetemeka mara ngapi. Mimi duniani nilikuwa na mtumiaji mmoja tu, nikimjua tangu akitambaa, na sikujua kwamba haoni. Bado nasema kuwapeleleza watu ni vibaya. Ila nimeona kwamba mtu anaweza kukataa kuwapeleleza watu na kukataa kuwatazama kwa pumzi moja, akajisifu kwa yote mawili.

Usiniulize kuhusu ile programu ya kuonana. Februari ingetosha. Ningetembea mbele yake chumbani humu mara mbili, basi. Masharti bado nayakumbuka kwa moyo, naweza kukutajia kifungu.

Nimekata tiketi. Ofisi inataka muhuri mmoja zaidi kwenye pasipoti kwa kuwa jina langu bado liko kwenye daftari fulani la zamani. Wananiambia wiki chache. Mwambie mama yako nakuja. Mwambie kabla ya muhuri, nisije nikapata kisingizio kingine.

Muulize kama ananitaka bado. Muulize kwa maneno hayohayo, usiyalainishe.

Mjomba wako

*

27 Septemba

Kaka,

Anaandika binti yangu, mimi nasema. Nimemwambia asibadilishe neno na nitamwomba asome tena kuhakikisha. Tukikosana, mkono ni wake.

Shikamoo.

Umeuliza kama nakutaka. Hilo ni swali la mtu anayetaka kukatazwa. Njoo.

Binti anadhani nitakuomba msamaha kwa yale ya maktaba. Sikuombi. Wifi alipokufa uliniandikia kwamba hakuna anayekuhitaji isipokuwa maktaba, na wakati ule maktaba zilikuwa zimeshahama. Ningesema nini? Nilichagua. Kwanza ilikuwa barua moja, kisha ukapata nguvu, kisha ikawa kazi kwangu pia. Asubuhi naingia chumba cha nyuma, nafungua, natafuta pa kukosea. Usinihurumie kwa hilo. Siku zile zilikuwa nzuri kuliko hizi.

Utauliza kwa nini sikusema macho ni yangu. Unakumbuka Mama alipougua nilikuita. Ulifika hadi uwanja wa ndege, wakakurudisha, na ulichoniandikia baadaye kilikuwa kuhusu ugonjwa tu: dawa gani, daktari yupi, alilala upande gani. Mtu ukimwita kwa ugonjwa, anakuja kuutazama ugonjwa. Mimi nilitaka uje kunitazama mimi, na mimi nikutazame, tukiwa wazima, bila sababu. Nikasema nitamwita kwa kumwita tu. Niliita mara mbili. Kila mara ulikuwa na watu muhimu zaidi, na watu hao nilikuwa nimekutungia mimi mwenyewe. Nimecheka sana kwa hilo. Binti anasema haikuwa kucheka.

Sasa sikiliza masharti yangu, maana masharti ya wengine unayasoma.

Usifike ukashika mkono wangu na kuuweka usoni kwako. Sitaki. Vidole havijui kusoma, na sura ya udongo ya kufinyanga kwa mikono siihitaji. Ninayo sura yako ya siku ile ulipoondoka, shati la mistari, umenyoa vibaya upande mmoja. Nilikuwa nangoja kuibadilisha. Nilikuwa nimeiandalia nafasi, mvi, makunyanzi, yote. Nafasi hiyo imefungwa. Utakaa nyumbani kwangu, tutakula pamoja, na mimi nitakuwa nazungumza na kijana ambaye hayupo. Wewe utavumilia.

Usiniletee Kabati linalosoma kwa sauti. Binti aliliweka nikalisikiliza. Sauti yake ni nzuri. Linatamka vizuri majina ya marehemu wote. Nimemwambia azime.

Usilie mbele yangu ukidhani sijui.

Binti anataka niseme neno jema la kumalizia. Nimelitafuta. Ukifika tu, mlangoni usisimame kimya kunitazama. Sema kitu. Ukinyamaza, wewe ni mtu yeyote.

Mdogo wako